Umepataje?

Kama uko Pasiansi umefungulia redio dukani, au umebanwa kwenye daladala unaelekea Kirumba, au uko ng'ambo ya maji, Ukerewe au Sengerema, karibu. Leo tunaingia darasani. Shule ya msingi, madarasa ya juu: la tano, la sita, la saba. Huko watoto wameshajua kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK imebaki nyuma, na ndipo wengi wetu wazazi tunapovuta pumzi tukidhani kazi kubwa imekwisha.

Pita nje ya shule yoyote ya hapa mjini Mwanza mida ya saa nne, kabla kengele ya mapumziko haijagongwa. Sikiliza madirishani. Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" Darasa linajibu kwa pamoja, kwa kuvuta: "Ndiyooo!" "Kuna swali?" "Hakunaaa!" Ubao unafutwa, kazi inaendelea.

Hiyo "ndiyo" mimi siiamini. Watoto themanini hawawezi kuelewa jambo moja kwa sekunde moja. Hata sisi watu wazima, kwenye mkutano wa mtaa, tunatoka bila kukubaliana taka zikatupwe wapi. Mtoto anaitikia kwa sababu jirani yake ameitikia. Anaitikia kwa sababu asipoitikia atasimamishwa mbele ya wenzake, na kwa sababu mapumziko yamekaribia na nje ya geti mihogo inakaangwa. Na usidhani mwalimu hajui. Anajua vizuri sana.

Kuna swali jingine, fupi kuliko hilo, ambalo kwenye madarasa yetu husikika mara chache. Swali lenyewe ni "Umepataje?" Hilo ndilo nataka tulizungumze leo.

Kuna siku nilikaa dawati la nyuma kabisa katika darasa la sita, kwenye shule moja ya hapa hapa Pasiansi. Jina lake silitaji, maana walimu hawapendi kusemwa redioni hata kwa sifa. Somo lilikuwa Hisabati. Mwalimu, mama wa makamo mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye mikono ya gauni la kitenge, akaandika ubaoni: 20 – 8 + 5. Akaita, "MAGAZIJUTO!" Darasa likamwaga lote: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Wewe uliyesoma shule za msingi za Tanzania, hilo hata ukiamshwa usiku wa manane unalo.

Mvulana mmoja akatoka mbele na kufuata amri herufi kwa herufi. JU imetangulia TO, basi akajumlisha kwanza: 8 na 5 ni 13. Kisha 20 toa 13 ni 7. Akaandika 7, akaipigia mistari miwili chini, makofi yakalia.

Karibu na dirisha kulikuwa na binti ambaye hakupiga makofi. Daftarini mwake alikuwa ameandika 17. Mwalimu akamfikia, akaangalia, akauliza, "Umepataje?" Sasa ona kilichotokea. Binti hakujibu. Alifunika jibu kwa kiganja, na mkono wa pili ukaenda kutafuta kifutio. Kwa sababu katika shule zetu, ukiulizwa umepataje, maana yake umekosa. Anayepata anawekewa vema na kuachwa aendelee na shughuli zake. Anayehojiwa ni mkosaji. Watoto wamejifunza hivyo tangu la kwanza, na hakuna aliyewafundisha kwa maneno.

"Usifute," mwalimu akasema. "Nieleze tu."

Ikatoka sauti ndogo: "Mwalimu, mama ana sado ishirini za dagaa. Ameuza nane, zimebaki kumi na mbili. Baba mdogo ameleta tano. Ni kumi na saba."

Darasa likacheka. Dagaa kwenye somo la Hisabati! Lakini yule mvulana wa ubaoni hakucheka, akauliza swali ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko kipindi chote: "Sasa mbona MAGAZIJUTO inasema tujumlishe kwanza?"

Mwalimu hakumjibu. Aliwageukia wote akasema, "Huyu ana saba, huyu ana kumi na saba. Sado kumi za mama zimeenda wapi? Nani kaiba?" Basi hapo darasa likawaka. Watu wakasimama. Mmoja akaja ubaoni na chaki, mwingine akamfutia. Ilichukua muda wa kutosha, na walipofika walifika wenyewe: ile alama ya kutoa ni ya 8 peke yake, 5 hakuna aliyeitoa, imeletwa. Ukizijumlisha 8 na 5 kwanza, umemtolea mama hata zile dagaa alizoletewa. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaanzia kushoto unakwenda kulia, vilevile kugawanya na kuzidisha. Kifupisho chenyewe hakina ubaya kwa anayejua hivyo. Asiyejua kinampoteza, tena kwa kujiamini.

Na tusijilaumu sisi peke yetu. Watoto wa Uingereza wana BODMAS yao, nao wanaangukia shimo hilo hilo. Wa Marekani wana PEMDAS, ambamo kuzidisha kumeandikwa kabla ya kugawanya, kwa hiyo wao ukiwapa 24 ÷ 4 × 2, wapo watakaokuletea 3 badala ya 12. Kila taifa na mtego wake.

Kengele ikagongwa. Zoezi la maswali kumi lililokuwa limeandaliwa halikuguswa hata moja. Na hapa, msikilizaji, nataka tukae kidogo, maana ni rahisi kumsifu yule mama kisha tukaenda zetu.

Mwalimu wa shule ya msingi anaingia darasani na andalio la somo. Lina utangulizi, lina maarifa mapya, kuna kuimarisha maarifa, kuna tafakari, kuna hitimisho. Yote hayo ndani ya dakika 40, kwa maana kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 40. Nyuma ya andalio kuna azimio la kazi, linalosema wiki hii mada iwe imefika wapi. Mthibiti ubora akija, hatauliza kama yule mvulana ameelewa alama ya kutoa ni ya nani. Atafungua azimio la kazi, atafungua madaftari, atahesabu mazoezi yaliyosahihishwa. Kwa hiyo mwalimu aliyetumia kipindi kizima kwenye swali moja, kwenye karatasi anaonekana amezembea.

Halafu idadi. Kiwango kilichozoeleka serikalini ni wanafunzi 45 kwa darasa. Tangu michango ifutwe Januari 2016 watoto walifurika shuleni, na hilo ni jambo jema, nalisema bila kusita. Kabla ya hapo wengine walikuwa wanashinda soko la samaki la Mwaloni wakianika dagaa. Lakini katika kata za mjini kama hizi zetu za Ilemela, darasa la watoto tisini si habari. Chukua kalamu. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Gawanya kwa 90. Kila mtoto ana sekunde 26 na kidogo, ikiwa mwalimu mwenyewe hatafungua mdomo kabisa. Madaftari nayo ni tisini: ukitumia dakika moja kwa kila daftari ni saa moja na nusu, kwa somo moja, kwa siku moja. Ndiyo maana utasikia "badilishaneni madaftari", watoto wasahihishiane, mwalimu anasoma majibu, kila mmoja anaweka vema au kosa kwa mwenzake. Vema inahesabika, kosa linahesabika. Njia aliyopitia mtoto haina mahali pa kuandikwa.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nao unavuta kamba upande huo huo. Maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Mashine inayosahihisha inaona kivuli cha penseli, basi. Katika swali lenye majibu matano ya kuchagua, mtoto anayefumba macho na kudunga ana nafasi moja kati ya tano ya kupata, na akipata, alama yake haina tofauti na ya yule aliyeelewa. Silaumu Baraza la Mitihani. Watahiniwa ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na kusahihisha insha za watu milioni moja si mchezo. Ila kinachopimwa Septemba ndicho kinachofundishwa Januari. Ukienda darasa la saba muhula wa pili, utakuta majaribio juu ya majaribio, karatasi za miaka iliyopita, na watoto wamekuwa mabingwa wa kukisia herufi.

Kuna habari moja wengi mmewahi kuisikia, ya kijana ambaye hakuulizwa amepataje, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Utaratibu ni kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, Mpemba akaona akisubiri atakosa, akatia yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wake sababu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwalimu mwingine, na alipong'ang'ania, jina lake likageuzwa mzaha: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Darasani kila alipokosea hesabu akawa anatupiwa mzaha huo. Huko akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Kijana akasimama na swali lake lile lile, na wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akalipima jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu yake, wengine wanasema lipo, wengine wanasema vipimo vina walakini, lakini wote wanaliita kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori Mweka. Sisi wa Pasiansi, wenye chuo chetu cha wanyamapori hapa tangu 1966, tunaweza kumwita mtu wa kazi moja na jirani zetu.

Sikuisimulia ili kusema kila mtoto anayebisha ni mwanasayansi. Wengi wanaobisha wamekosea, na yule mvulana wa MAGAZIJUTO alikuwa amekosea. Ninachosema ni kwamba mwalimu hawezi kuwatofautisha hao wawili mpaka aulize.

Turudi kwa dagaa, maana darasa lilicheka na mimi nadhani lilicheka mahali pasipostahili. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri. Utamkuta mtoto wa miaka kumi na mbili anamsaidia mama yake, anapima sado, anapokea noti ya elfu kumi, anarudisha chenji huku anazungumza na mteja mwingine, nusu Kiswahili nusu Kisukuma. Hakosei. Mtoto huyo huyo saa tatu yuko darasani, umeandika 10,000 – 3,500 ubaoni, anakupa 7,500. Amekopa vibaya, ameshuka vibaya, na jibu halimshtui.

Brazili waliwahi kulichunguza hili. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walitoa utafiti wao wa watoto wauza vitu mitaani katika jiji la Recife. Walijifanya wateja. Mtoto mmoja wa miaka 12 akaulizwa bei ya madafu kumi, moja likiwa cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri mwishoni mwa 35 kama shule ilivyomfundisha. Alisema matatu ni 105, matatu mengine 210, akaendelea hivyo mpaka akafika 350. Sokoni watoto wale walipata karibu kila swali, asilimia 98. Walipopewa hesabu zile zile zikiwa tupu kwenye karatasi, wakashuka hadi asilimia 37. Kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba kwenye karatasi waliacha kufikiri na kuanza kukumbuka kanuni.

Na kabla ya Recife, sisi wa ziwani tulikuwa tumeshaonja jambo hili kwa njia yetu. Mwaka 1968 serikali, pamoja na UNESCO na UNDP, walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza, kwa mikoa ya ziwa: Mwanza yenyewe, Mara, Shinyanga, na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vya kazi zao. Mkulima wa pamba alianza na pamba, mvuvi akaanza na uvuvi, wa migomba na migomba. Wazee wengine wa huku walijifunza kuandika majina yao kupitia hayo. Nashangaa kwamba jambo lililofaa kwa babu tulilichukulia kuwa la watu wazima tu, mjukuu tukampa maembe ya kitabuni.

Somo la asilimia, kwa mfano. Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800. Kwa hesabu inayotumika sana, Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Mwalimu akiwaambia watoto wa Pasiansi watafute Kenya ina kilometa ngapi, atapata 4,128, na papo hapo atapata mtoto anayeuliza kwa nini basi samaki wa ziwa hili wanauzwa sana Kenya. Hilo tayari ni Maarifa ya Jamii. Au rula: sangara chini ya sentimeta 50 haruhusiwi kuvuliwa. Chora samaki kwa kipimo cha moja kwa tano, useme ni halali au si halali. Wapo watoto darasani humo ambao baba zao wamewahi kunyang'anywa nyavu kwa ajili ya hizo sentimeta. Hapo hutasikia "ndiyooo", utasikia ubishi.

Najua mtu atasema mitaala imebadilika, tusubiri. Ni kweli, Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na waliokuwa la tatu mwaka huo wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho la mfumo wa zamani. Karatasi za mtaala huo zinasema vizuri juu ya umahiri na kutenda. Lakini mwaka mmoja umeondolewa na madawati hayajaongezeka kwa kasi hiyo, na mimi naogopa jambo moja: mwalimu akiona muda umepungua, cha kwanza kukata ni maelezo ya mtoto. Ndiyo yanayokula dakika nyingi na hayaonekani kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi. Kuna mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambao unawakalisha walimu wa shule moja pamoja wajadili masomo yao. Ningekuwa na sauti huko, ningeomba kikao kimoja kiwe cha madaftari yenye makosa tu. Wayatandaze mezani, waulizane: huyu alikuwa anawaza nini?

Na darasa la watoto tisini? Mwalimu mmoja alinipa ujanja wake, na hauhitaji fedha. Kila kipindi anachagua jibu moja tu lililokosewa, anaondoa jina la mwenyewe, analiandika ubaoni na kuwaambia wawili wawili waliokaa pamoja walitetee. Walitetee, sikusema walirekebishe. Anadai mtoto akijaribu kutetea kosa kwa dakika tatu, kosa linajifichua lenyewe. Kelele zinakuwepo, mwalimu wa darasa la jirani ananuna, lakini watoto tisini wamezungumza ndani ya dakika tatu, na mimi sijui mbinu nyingine inayofanya hivyo.

Sasa wewe mzazi. Mtoto akirudi na karatasi ya jaribio, swali letu ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Akisema wa nne kati ya tisini tunampa hela ya barafu, akisema wa sitini tunatafuta tuisheni. Hakuna anayekunjua ile karatasi. Huhitaji kujua Hisabati ili uikunjue. Mama muuza dagaa ambaye hakumaliza la saba anaweza kumwambia mwanawe, hebu nieleze hii umepataje, na akasikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayedai punguzo. Akiona maelezo yanazunguka, mtoto mwenyewe ataona yanazunguka. Ila umuulize na lile alilopata pia. Ukimuuliza alilokosa tu, kesho atakuwa na kifutio mkononi kabla hujafungua mdomo.

Nakuachia hili la jioni, kwa aliye na mtoto wa la tano kwenda juu. Andika kwenye karatasi: 18 – 6 + 4 ÷ 2. Mpe. Akileta 10, usimwambie kitu, muulize amepataje. Akileta 14, muulize vilevile, kwa sauti ile ile. Akileta 8, huyo hakujali MAGAZIJUTO kabisa, naye muulize. Simu za kituo zitakuwa wazi kesho baada ya taarifa ya habari ya saa moja, na nitapenda zaidi kuongea na mtoto kuliko mzazi.